Ganda Lisilo na Mafuta

Nilinawa. Nalisema hilo kwanza kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilinawa mikono mpaka viwikoni, nikasugua kucha kwa brashi, nikaosha mabuti yangu ya mpira juu na chini, mara mbili, mbele ya watu, huku nikiwagombeza wale waliokuwa wanajirashia maji tu na kujipangusa kwenye suruali. "Hiyo mikono mnaipeleka wapi?" niliwauliza. "Sabuni si ya kunusa!" Wakacheka, wakarudi kwenye beseni. Mimi nikiwa kazini nina mdomo, na siku ile kule Minago niliutumia wote.

Kazi yangu ni kutibu mifugo. Hapa Rumonge wananiita veterineri, ingawa si daktari. Nilisomea ufundi wa mifugo Tanzania, katika miaka ile familia yetu ilipokuwa uhamishoni. Nilizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi, nikasoma huko, nikaolewa huko, nikafiwa na mume huko, na niliporudi Burundi pamoja na mama yangu mzazi kichwa changu kilikuwa na mvi tayari. Kiswahili changu wanakicheka mpaka leo, wanasema naongea kama redio. Wacha wacheke.

Shamba letu la michikichi liko Kizuka. Tuliporudi tulikuta lina mwenyewe. Mzee mmoja alikuwa ameishi pale tangu ujana wake. Wakubwa wa zamani hizo walimpa, wakamwambia wenye shamba wamekufa wote. Kumwita mwizi siwezi. Watoto wake wote walizaliwa pale. Lakini na mama yangu wazazi wake wamezikwa pale pale, chini ya michikichi aliyoipanda baba yake, sasa nani amwambie ageuke arudi alikotoka? Tulikwenda kwenye ofisi hizi na zile mpaka mabenchi yakatuzoea. Mwishowe shamba likakatwa katikati, nusu kwa nusu, karatasi zikatiwa saini. Ila karatasi haimzuii mtu kukutazama vibaya. Wana wa mzee walipita mlangoni kwetu bila salamu, panga begani, na mama alikuwa akiingia ndani akiwaona.

Halafu mzee mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, akaja asubuhi moja akiswaga mtamba mwekundu. Alisimama uani kwetu akamkabidhi mama kamba. "Chukua," akasema. "Tumezeeka sasa. Hatuwezi kufa tukiwa tunachukiana." Mama alipiga magoti, mtu ambaye kwenye ofisi zote hizo sikuwahi kumwona hata akiinamisha shingo.

Kwetu ng'ombe wa namna hiyo si wa kusema asante, murakoze, ukamaliza. Akizaa jike, unamkuza yule ndama mpaka aache kunyonya, kisha unampeleka kwa aliyekupa, kwa pombe na kwa hotuba, watu wakishuhudia. Kwa Kirundi ndiyo kwitura. Ndama akishaingia ndani ya uzio wake, nyumba mbili zimekuwa ndugu, na mpaka wa shamba hakuna atakayeugusa tena, maana ndugu hashtakiwi. Karatasi zote za ofisini hazina nguvu hiyo.

Yule mtamba alizaa jike. Nilimsikia mama akicheka peke yake jikoni, kicheko ambacho sikukijua. Mwaka ambao nasimulia habari zake ndama alikuwa na miezi mitatu na zaidi, mwekundu kama mama yake, ana doa jeupe tumboni, na sherehe ilikuwa imepangwa. Mzee alikuwa mgonjwa, tumbo limemvimba, anakula vijiko viwili anaweka sahani. Wanawe hawakuupenda ule mpango wa ng'ombe tangu mwanzo, na hawakuficha. Kwa hiyo kila mtu Kizuka alijua mambo yalivyo: ndama akiingia mzee akiwa hai, mama yangu atazeekea kwenye nusu yake kwa amani. Mzee akitangulia, shauri la shamba linafufuka.

Hapo ndipo nilipopigiwa simu kutoka Minago.

Nilikwenda kwa pikipiki. Banda moja, ng'ombe wanne, mate yanawachuruzika mpaka kwenye matope, wananyanyua mguu huu wanashusha ule, hawataki kukanyaga. Niliingiza mkono mdomoni mwa mmoja nikauvuta ulimi, na ngozi ya ulimi ikabaki kiganjani mwangu. Nilijua papo hapo. Ugonjwa wa miguu na midomo. Nikawaambia wenyewe wasitoe mnyama nje, nikapiga simu ya wilaya, nikaandika ripoti. Halafu nikaomba beseni.

Sabuni niliyokuwa nayo ni ya mama. Rumonge ni mji wa mawese, na mama anapika sabuni yake mwenyewe nyuma ya nyumba, kwenye pipa lililokatwa: mawese na soda kostike, ile inayochoma ngozi ukiishika bila kuangalia. Vikipoa anakata vipande vikubwa vya rangi ya asali, na sitoki nyumbani bila kipande mfukoni, ananitilia mwenyewe. Sisi tuna imani na sabuni yetu. Tena wakati wa korona imani hiyo niliitia moto mimi, kwa kipaza sauti, sokoni na bandarini: kirusi kina koti la mafuta, povu la sabuni linayeyusha koti, kirusi kinakufa, naweni! Ilikuwa kweli tupu. Watu waliniamini. Kibaya ni kwamba na mimi nilijiamini.

Basi nikanawa, kama nilivyosema, nikapanda pikipiki, na jioni ile ile nikapitia Kizuka kwa mama. Ndama alikuwa na tabia ya kunyonya vidole vyangu nikifika. Nikampa vidole. Nikavuka uzio nikamsalimia mzee kitandani, na kwa kuwa ukimtembelea mtu wa kwetu huwezi kuondoka bila kuwasifu ng'ombe wake na kuwapapasa, niliwapapasa. Nikarudi nyumbani nimeridhika na siku yangu.

Siku ya nne mama alinipigia. "Njoo uone," akasema. "Ng'ombe iko inatoa mate."

Nilipomkuta ng'ombe mwekundu amesimama kwa kwato tatu, nilikaa juu ya ndoo. Nilijipa moyo kwamba ng'ombe mkubwa huwa anapona; anakonda, maziwa yanakauka, lakini anapona. Ndama nilimtenga, nikamtafutia maziwa kwa jirani wa mbali, nikamwekea majani laini, nikamfukuzia nzi. Mama hakuniuliza ugonjwa ulitoka wapi. Aliuliza kitu kimoja tu: "Tutampeleka siku ile?" Nikamwambia tutampeleka.

Ndama hakuwa hata na lengelenge. Siku ya saba, saa nne asubuhi, alikuwa anakunywa maziwa kwenye ndoo, mkia unacheza. Akanyanyua kichwa, akanitazama, akaanguka. Hakurusha teke hata moja. Nilimpiga kifuani, nikamvuta ulimi, nikampulizia puani mpaka mama akanishika bega akasema basi.

Nilimpasua mwenyewe, nani mwingine angempasua? Moyo wake ulikuwa na mistari ya kijivu, mmoja baada ya mwingine. Ugonjwa huu kwa mkubwa unakimbilia mdomo na kwato, kwa mdogo unakimbilia moyo. Nilikuwa nimeusoma moyo huo kitabuni, sikuwahi kuushika. Nilikaa nao pale chini muda mrefu, kisu mkononi, inzi wanatua.

Siku hiyo hiyo ng'ombe wa mzee nao wakaanza kutoa mate.

Bujumbura nina mwenzangu mmoja anayefanya kazi maabara, kijana mpole, tunaulizana mambo kwa simu. Nilimweleza yote. Nikamwambia sielewi, labda ni upepo, labda ni mbwa, maana mimi nilisafisha kila kitu.

"Ulisafisha na nini, Mama?"

"Sabuni."

"Sabuni peke yake?"

"Sabuni ya mawese," nikasema, na hata hapo, Mungu anisamehe, nilisema kwa kujivuna kidogo. "Mara mbili."

"Lakini Mama, ile virusi haina koti la mafuta," akasema polepole, kama mtu anayeogopa kumwangushia mwingine kitu. "Iko ganda tupu. Protini tu. Ungetumia soda kostike, ama kitu chenye uchachu, siki, hata maji ya ndimu. Povu haliifanyi kitu."

Sikumuaga. Nilishusha simu nikaitazama.

Nataka mtu aelewe jambo hili, kwa sababu bila hilo ataniona mjinga wa kawaida, na mimi sistahili hata huruma hiyo. Ganda la kirusi kile nalijua. Lina nyuso ishirini, kila uso pembetatu. Limejengwa kwa protini za aina nne, kila aina sitini. Tatu zinatazama nje, ya nne imejificha ndani inagusana na uzi mmoja uliokunjwa, ule wenye maagizo ya kutengeneza virusi vingine. Zinashikana tano tano kuzunguka kila pembe, na pembe ni kumi na mbili. Kwenye protini mojawapo ya nje kuna kitanzi kinachochomoza, chepesi, hakitulii, na kitanzi hicho ndicho kinachoikamata seli ya ng'ombe. Ni hivyo tu. Juu yake hakuna ngozi, hakuna koti. Kirusi cha korona kinajifunika mafuta, ndiyo maana sabuni inakivua nguo na kukiua. Hiki hakina cha kuvuliwa. Povu linakitelezesha kutoka hapa kwenda pale, na kile kilichobaki chini ya ukucha au kwenye mshono wa buti kinasafiri kikiwa kizima. Lakini kikikutana na uchachu, zile tano tano zinaachana kama chikichi zinavyoachia mkungu, na kirusi hakipo tena.

Haya yote sikuambiwa na yule kijana. Niliyajua miaka thelathini. Chuoni mwalimu alitutaka tulijenge ganda hilo kwa mikono, nami nilikata pembetatu ishirini kwenye katoni za dawa, nikazigundisha kwa uji wa ngano, nikapaka kalamu za rangi tatu kwa zile protini tatu za nje, na langu ndilo lililokaa juu ya meza ya mwalimu mwaka mzima. Alilishika kiganjani mbele ya darasa akaniuliza, "Mafuta yako wapi hapa?" Nikamjibu upesi, mimi huyu huyu: "Hakuna, mwalimu. Hili ni ganda tupu." Akaniambia vizuri, kaa.

Loo, nilijua! Nililijua umbo lake, rangi nilizolipaka, idadi ya pembe zake, na siku nilipolibeba mikononi mwangu sikulijua. Nilisikia kipaza sauti changu mwenyewe tu. Mtu ambaye hakusoma ningemtetea mbele ya yeyote. Mimi nitamwambia nani?

Nilitoka nje. Mama alikuwa nyuma ya nyumba, anakoroga sabuni. Debe la soda kostike lilikuwa miguuni pake. Mti wa ndimu ulikuwa umeinamia paa la banda la ng'ombe, umezaa mpaka ndimu zinaoza chini. Nilikuwa nazikanyaga kila nilipoingia.

Nilimwambia mama. Sijui kuficha, na hata ningejua, uso wangu ungenitaja. Nilimweleza kwa maneno mepesi, koti la mafuta na ganda tupu, akanisikiliza huku anakoroga.

"Sabuni yangu?" akauliza.

"Si kosa la sabuni, Mama. Ni langu."

"Sabuni yangu hii?"

"Mama, nisikilize."

"Niliyokutia mufukoni?"

Akaendelea kukoroga mpaka ikashika, akaimimina kwenye sanduku la mbao, akasawazisha juu kwa ubao. Alipomaliza ndipo aliponitazama. "Useme ni Mungu," akasema. "Ndama inakufa, watu wanasema ni Mungu. Ukisema ni weye, wale watoto watasema tuliiua kusudi, tusirudishe."

Alisema kweli. Ndivyo wangesema. Lakini kwa mzee sikuweza. Nilimkuta amelalia ubavu, macho tu ndiyo makubwa. Nilipiga magoti karibu na kitanda nikamwambia yote, na kwamba hata ng'ombe wake wanaotoa mate nje ni mimi.

"Ulinawa?" akauliza.

"Nilinawa, Mzee."

"Basi." Akafumba macho, nikadhani amelala. "Nani anajua?"

"Mama."

"Ibaki hapo. Mimi ndama nimeipokea. Imefia kwangu."

Nililia pale sakafuni kama mtoto. Akawaita wanawe jioni ile, akawaambia ndama aliletwa, amempokea, akafa. Kwamba yeye mwenyewe akizikwa, mama yangu akae kwenye mkeka wa nyumba, asikae na wageni. Hayo nilisimuliwa na mkewe. Siku tisa baadaye alikufa. Mama alikaa kwenye mkeka wa nyumba siku zote za matanga, kitenge chake kimefungwa kifuani kama wafiwa wengine, na watu walipokuja kutoa pole walimpa mkono na yeye. Ndama wawili wa boma lile walikuwa wamekufa pia, lakini wakati wa kilio hakuna aliyetaja ng'ombe. Nikaanza kulala. Nikadhani mzee ametuokoa.

Kwetu siku ya kuondoa matanga, mwenye jambo lolote na marehemu hulisema hadharani, ili lisibaki. Turubai ilifungwa uani, viti vya plastiki vikapangwa kwa wageni, mkeka ukatandikwa mlangoni kwa wenye nyumba. Mama alikuwa mkekani, pembeni ya mke wa mzee. Mimi nilisimama nyuma ya viti. Watu wawili watatu walisema mambo madogo madogo. Kisha mtoto mkubwa wa mzee akanyanyuka, hana panga siku hiyo, amevaa koti la baba yake.

"Amahoro," akasalimu. Wakajibu. "Baba alituambia ndama iliingia hapa. Hatukuiona. Siku zile tulikuwa hapa wote, hatukuiona. Dada veterineri, weye uko mutu wa serikali, hausemi uwongo. Utuambie. Kama ndama iliingia mu uzio huu, basi ni yo ilituletea ugonjwa, na ndama zetu mbili zilikufa. Kama haikuingia, ng'ombe ya baba haikurudishwa. Ni moja katika hayo mawili. Ni lipi?"

Vichwa vyote vikageuka. Nilimtazama mke wa mzee, akainamisha uso. Nilimwona yule mwana wa mzee hakuwa na hasira. Alikuwa ameliwaza sawasawa, akanijengea chumba chenye milango miwili, na kila mlango unatokea kwenye shamba letu. Nikisema aliingia, namfanya mama yangu aliyepeleka kifo kwenye boma la marehemu. Nikisema hakuingia, namfanya mzee mwongo siku ya kumaliza kumlilia. Mdomo wangu, ule wa Minago, ulikuwa mkavu. Nilifikiri kusema ni Mungu. Nilifikiri kwa kweli, neno lilifika mpaka kwenye meno.

"Ndama hakuingia," nikasema. "Alifia kwetu. Na ugonjwa hakuuleta ndama. Niliuleta mimi kutoka Minago, kwa mikono hii, nikaupeleka kwetu, nikauleta na hapa."

Mtu mmoja kwenye viti alisema "Eeh!" kwa sauti ya chini. Yule mwana wa mzee aliitikia kwa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu aliyepewa alichokuja kukichukua. "Murakoze," akaniambia, akakaa.

Hakuna aliyemfukuza mama. Hakuna aliyemwambia neno. Mke wa mzee alimshika kitenge kidogo, kisha akamwachia. Mama hakunitazama. Aliweka kiganja chini, akajiinua kwa shida, akavaa kandambili zake, akavuka ua mbele ya watu wote, akaenda kukaa kwenye viti vya wageni.